Shimo Likivunja Gari Lako, Nani Alipe?

Tangu mvua zianze, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinalalamikia jambo moja: gari limeingia shimoni, kitu kimevunjika, na mwenye gari hajui aende wapi. Nimechagua tatu. Ya kwanza, kutoka Kenya, nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika ana muda mfupi wa kuchukua hatua, na kwa sababu aliambiwa jambo ambalo si kweli.

SWALI: Ninakusanya maziwa kwa wakulima na kuyapeleka kwenye kituo cha kupozea kwa gari aina ya Toyota Probox. Wiki mbili zilizopita, saa kumi na moja alfajiri, niliingia kwenye shimo lililojaa maji katika barabara ya lami ninayoitumia kila siku. Tairi la mbele kushoto lilipasuka, rimu ikapinda, na tangu hapo usukani ukawa unavuta upande mmoja. Mitungi miwili ya maziwa ilimwagika. Nimetumia shilingi 38,400 kulitengeneza gari, na kwa siku nne sikufanya kazi. Shimo hilo limekuwapo tangu mwaka jana. Vijana wa bodaboda hulisimikia matawi ili watu walione. Nilipokwenda kuuliza kuhusu fidia, karani alinijibu kwamba serikali haidaiwi kwa ajili ya mashimo. Je, ndivyo sheria inavyosema?
Msomaji, Kaunti ya Nyandarua, Kenya

JIBU: Dada, pole sana kwa hasara, na pole zaidi kwa jibu ulilopewa. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007, ambayo ndiyo iliyounda mamlaka tatu za barabara za kitaifa, inazungumzia waziwazi kesi dhidi ya mamlaka hizo kwa sababu ya kupuuza au kushindwa kutekeleza wajibu wa umma. Kama kesi za namna hiyo zisingewezekana, Bunge lisingejisumbua kuziwekea utaratibu. Kinachowakosesha watu haki yao mara nyingi ni huo utaratibu wenyewe, ambao una masharti mawili ya muda. Kwanza, kabla ya kufungua kesi ni lazima umpelekee Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka husika notisi ya maandishi yenye maelezo ya dai lako, kisha usubiri angalau mwezi mmoja. Pili, kesi yenyewe ni lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu tukio. Anayedai fidia kwa jirani aliyemgonga ana miaka mitatu, lakini anayeidai mamlaka ya umma ana mwaka mmoja tu, na ofisi zinazojibu barua kwa kusema "suala lako linashughulikiwa" zinaweza kuumaliza mwaka huo bila wewe kutambua. Andika tarehe ya tukio mahali unapoiona kila siku.

Kabla ya kuandika notisi, hakikisha unajua barabara ni ya nani, kwa kuwa notisi ikipelekwa kwa asiyehusika miezi inapita bure. Barabara kuu za daraja A na B ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, yaani KeNHA. Barabara za kitaifa za mijini ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA. Zile za kitaifa za mashambani, hasa za daraja C, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mashambani, KeRRA. Na zilizobaki ni za serikali ya kaunti, kama Katiba ya mwaka 2010 ilivyogawa majukumu. Mpaka huo umezua ubishi kati ya kaunti na serikali kuu, kwa hiyo usitegemee kauli ya mtu mmoja dirishani. Andika barua fupi kwa ofisi zote mbili unazozishuku na kuziuliza ni ipi inayotunza kipande hicho cha barabara. Angalia pia kama kuna kibao cha mradi kando ya njia. Siku hizi barabara nyingi hutunzwa kwa mikataba ambayo mkandarasi hulipwa kwa kuiweka barabara katika hali iliyokubaliwa, na jina lake huandikwa kwenye kibao. Huyo naye apelekewe nakala ya notisi. Na kama kilichokuvunjia gari ni shimo la majitaka lisilo na mfuniko, mdaiwa wa kwanza kumfikiria ni kampuni ya maji, kabla ya mamlaka ya barabara.

Sasa ushahidi, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa maana dai hili litashinda au kushindwa kwa yale utakayoyafanya wiki hii. Rudi kwenye shimo hilo kukiwa na mwanga, pamoja na mtu wa kukuangalia magari yasikugonge, na uchukue futi ya kupimia, ile ya fundi seremala. Pima urefu, upana na kina. Kina hupimwa kwa kulaza ubao ulionyooka juu ya shimo, ukagusa lami pande zote mbili, kisha kuteremsha futi kutoka ukingo wa chini wa ubao hadi sakafu ya shimo. Ukipima kwa kukisia na mguu, wakili wa upande wa pili atakuuliza mguu wako una sentimita ngapi. Piga picha futi ikiwa ndani ya shimo na namba zake zikisomeka. Piga nyingine kutoka mbali, ionyeshe shimo pamoja na kitu kisichohama, kama duka, mlingoti wa umeme au jiwe la kilomita, halafu nyingine kutoka upande uliokuwa unatokea, ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva, ili anayeamua aone kile ulichokiona wewe. Kama maji bado yamo, piga yakiwamo, kisha yachote upige tena, kwa sababu picha ya maji yaliyotulia juu ya shimo ndiyo inayoeleza kwa nini dereva mwangalifu hakuliona.

Usingoje. Mashimo mengi huzibwa siku chache baada ya malalamiko kufika. Hilo ni jema kwa wanaopita, lakini likizibwa kabla hujalipima, unabaki na maneno matupu. Likishazibwa, piga picha ya kiraka pia, kwani kiraka kipya mahali pale pale ulipopataja kinaunga mkono maelezo yako.

Wale vijana wa bodaboda wanaosimika matawi ndio mashahidi wako wakubwa. Mamlaka haitakiwi kulipia kila shimo lililochimbika usiku wa kuamkia ajali. Inawajibika kwa lile ililolijua au lile ambalo ingelijua kama ingekagua barabara yake ipasavyo. Kwa hiyo swali litakaloamua kesi yako ni shimo limekuwapo kwa muda gani. Waombe wawili au watatu wakuandikie maelezo mafupi yenye sahihi: waliliona lini mara ya kwanza, wameona magari mangapi yakiharibika hapo, nani alianza kuweka matawi na kwa nini. Mwenye kibanda aliye karibu afanye hivyo pia. Kisha tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayomruhusu raia yeyote kuomba kumbukumbu za taasisi ya umma na kuitaka taasisi ijibu ndani ya siku 21. Omba tarehe za ukaguzi wa kipande hicho kwa miezi 12 iliyopita, malalamiko yaliyopokelewa kukihusu, na kazi za matengenezo zilizofanywa. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Barua isiyojibiwa nayo ni ushahidi, mradi tu una nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa.

Kwa upande wa hasara, mahakama za Kenya zina msimamo mkali na wa siku nyingi: gharama mahususi ni lazima itajwe waziwazi katika dai na ithibitishwe kwa hati. Kadirio la fundi lililoandikwa kwenye karatasi ya daftari halitoshi. Mwombe fundi wako aandike kilichoharibika, sababu yake kwa maoni yake, na bei ya kila kipuri, kisha uambatishe risiti na ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo. Rimu iliyopinda na tairi lililopasuka viweke stoo. Usivitupe wala kumwachia fundi, maana mdaiwa ana haki ya kuomba kuviona. Zile siku nne za kazi nazo zina thamani, lakini utazithibitisha kwa daftari la kituo cha kupozea linaloonyesha lita ulizokuwa ukipeleka kwa wiki za kabla ya tukio na malipo uliyopokea, ukitoa gharama ya mafuta ambayo hukuitumia. Maziwa yaliyomwagika yahesabu kwa bei uliyomlipa mkulima. Kama hukupiga ripoti polisi siku ile, nenda sasa ueleze tukio na uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi; kuchelewa kwa wiki mbili kunaelezeka, lakini kutokuwa na kumbukumbu yoyote ni vigumu kukueleza.

Notisi yenyewe haihitaji maneno makubwa. Vipimo vya hapa ni mfano tu, wewe weka vyako: "Natoa notisi kwamba tarehe iliyotajwa hapo juu, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, gari langu liliingia kwenye shimo lenye urefu wa sentimita 94, upana wa sentimita 61 na kina cha sentimita 14, lililoko mahali palipoonyeshwa kwenye picha namba 1, kwamba shimo hilo limekuwapo kwa zaidi ya miezi minane bila kuzibwa wala kuwekewa alama ya tahadhari, kwamba mamlaka ililijua au ilipaswa kulijua, kwamba nimepata hasara iliyoorodheshwa kwenye kiambatisho, na kwamba nisipolipwa ndani ya siku 30 tangu kupokewa kwa notisi hii, nitafungua kesi." Ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri na kutiwa tarehe. Na uangalie usieleze hasara yako kana kwamba imetokana na kazi ya ujenzi iliyokuwa ikiendelea, kwa kuwa ile Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inapeleka madai ya namna hiyo kwa msuluhishi, ilhali lako ni dai la uzembe wa kutotengeneza.

Nataka ujue mapema hoja mbili utakazokabiliana nazo. Ya kwanza ni mwendo wako. Watasema kwamba unaijua barabara, unapita kila siku, na shimo unalifahamu. Hoja hiyo ina uzito, na mahakama inaweza kugawanya lawama, ikapunguza fidia yako kwa kiwango cha uzembe wako. Jibu kwa ukweli: ulikuwa katika mwendo gani, taa zilikuwaje, kulikuwa na gari linalokuja mbele lililokuzuia kulikwepa, na je, matawi yalikuwapo alfajiri ile au mvua ilikuwa imeyasomba. Usiongeze chumvi. Shahidi anayekiri kwamba analijua shimo, kisha akaeleza kwa nini siku ile hakulikwepa, huaminika kuliko anayedai hakuwahi kuliona.

Hoja ya pili ni ya kale, na ninaitaja kwa sababu nadhani ndiyo mizizi ya lile jibu la karani. Mwaka 1788 huko Uingereza, mtu mmoja aliyeharibikiwa na mkokoteni wake wa farasi kwa sababu daraja lilikuwa bovu aliwashtaki wakazi wa kaunti ya Devon, akashindwa. Majaji walisema wakazi hao hawakuwa chombo kinachoweza kushtakiwa, hawakuwa na mfuko wa kulipia fidia, na ni afadhali mtu mmoja apate hasara kuliko umma usumbuke. Kutokana na fikra hiyo ikakua kanuni kwamba mwenye barabara anawajibika akiitengeneza vibaya, lakini asipoitengeneza kabisa hawajibiki. Waingereza wenyewe waliifuta kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 1961. Sisi Kenya, Sheria ya Mahakama inatambua sheria ya Uingereza iliyokuzwa na maamuzi ya majaji (common law) kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na hapo ndipo wakili wa mamlaka anaweza kujaribu kuipitisha. Lakini sheria hiyo hiyo inaongeza kwamba itatumika tu kadiri mazingira ya Kenya na wakazi wake yanavyoruhusu, na haiwezi kuishinda sheria iliyotungwa na Bunge, ambayo tumeona inataja kupuuza wajibu kwa jina lake.

Tena, sababu zile za mwaka 1788 hazipo leo. Mamlaka ni vyombo vinavyoshtakiwa kwa majina yao. Mfuko upo: tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya inakatwa shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Chukua gari lako, dada. Likitumia lita 6 kwa siku, umelipa shilingi 150 kila siku kabla ya kupakia mtungi wa kwanza. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 3,900 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 46,800, kiasi kinachozidi ulichotumia kutengeneza gari. Unapodai fidia hii hujaomba msaada. Unadai huduma uliyoilipia kituoni, lita kwa lita, na inaniuma kuona mtu aliyelipa hivyo akifukuzwa dirishani kama mwombaji.

Usipolipwa baada ya mwezi, nenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Inapokea madai ya mali yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Ukishinda, jua kwamba mali ya serikali haipigwi mnada na dalali wa mahakama kama ya mtu binafsi; kulipwa kunaweza kuchukua muda na kuhitaji kurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha ofisa husika alipe. Sikufichi hilo. Lakini madai mengi ya kiasi kama chako, yakiwa na vipimo na mashahidi, yanafaa kumalizwa mezani kabla ya kufika huko, kwa hiyo katika notisi yako onyesha kwamba uko tayari kuzungumza.

SWALI: Ninabeba wanafunzi kwa Toyota Noah. Kwenye barabara ya wilaya, ukingo wa kalvati umebomoka na kuacha pengo. Nililiingia, shokapu mbili zikafa na sampo ya oili ikapasuka. Fundi anataka shilingi 870,000. Nina bima kubwa. Nianze na bima au niishtaki serikali?
Msomaji, Morogoro, Tanzania

JIBU: Kaka, anza na bima, na uanze leo, kwa kuwa mikataba mingi ya bima inamtaka mteja atoe taarifa mara moja. Bima kubwa kwa kawaida inahusisha ajali ya namna hii. Soma hata hivyo sehemu ya mambo yasiyolipwa: uchakavu na hitilafu za kimitambo huwa hazilipwi, na tairi peke yake mara nyingi halilipwi isipokuwa gari nalo limeharibika kwa wakati huo huo. Kwa hiyo taarifa ya fundi ieleze wazi kwamba sampo imepasuka kwa kugonga zege, pamoja na picha ya alama ya mgongano. Akiandika tu "shokapu zimekufa", umempa mwenye bima sababu ya kusema zilichakaa. Kumbuka pia kwamba kuna kiasi cha kwanza utakachobeba mwenyewe. Kama ungekuwa na bima ndogo, isingekulipa chochote hapa, maana inalinda wengine dhidi yako.

Kuhusu serikali, barabara za wilaya na za mitaa ya mijini zinatunzwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, wakati barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Kuwadai kunawezekana, ila njia yake ni ndefu kuliko ya Kenya. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inataka notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Na tangu marekebisho ya mwaka 2020, hata shauri dhidi ya wakala au halmashauri ni lazima limuunganishe Mwanasheria Mkuu. Zaidi ya hayo, shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa dai la shilingi 870,000, gharama za Mahakama Kuu zinaweza kulimeza dai lenyewe, na kwa maoni yangu hilo ni pungufu kubwa la sheria hiyo, kwa sababu linawafungia mlango wenye hasara ndogo ambao ndio wengi. Hata hivyo notisi haikugharimu ila karatasi. Iandike, idai kile ambacho bima haikulipa, na uombe kalvati lirekebishwe. Muda wako wa kushtaki kwa madhara ya namna hii ni miaka mitatu, kwa hiyo unaweza kuzungumza na meneja wa wilaya bila kukimbizwa na kalenda. Na kwa ajili ya watoto unaowabeba, omba mwenyekiti wa mtaa naye aandike barua yake kuhusu kalvati hilo.

SWALI: Naishi Leicester, Uingereza. Shimo limeniharibia tairi na rimu, jumla pauni 310. Halmashauri imenijibu kwamba ilikagua barabara na hivyo hailipi. Je, ndiyo mwisho?
Msomaji mzaliwa wa Mombasa

JIBU: Si mwisho. Huko, Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980, kifungu cha 41, inaiwajibisha mamlaka kutunza barabara. Kifungu cha 58 kinaipa utetezi ikithibitisha kwamba ilichukua uangalifu uliostahili kwa barabara ya aina hiyo na msongamano wa aina hiyo. Jukumu la kuthibitisha ni lao. Kusema "tulikagua" hakutoshi. Waonyeshe walikagua lini, waliona nini, na kama waliliandika shimo hilo kwenye kumbukumbu, waliliziba lini. Kwa kutumia Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, omba kumbukumbu za ukaguzi za mtaa huo, malalamiko ya wakazi kabla ya tarehe yako, na sera yao ya kina cha shimo kinachotakiwa kuzibwa. Halmashauri nyingi hutumia milimita 40 kwa barabara ya magari. Wanapaswa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Linganisha tarehe. Ikiwa ukaguzi uliopangwa kila mwezi ulirukwa, au mkazi mwingine aliripoti shimo wiki kadhaa kabla yako, waandikie tena ukitaja ukurasa na tarehe ya kumbukumbu yao wenyewe, na uwape siku 14 kabla ya kwenda kwenye mahakama ya madai madogo. Una miaka sita tangu tukio, lakini rimu hiyo itunze, na risiti zisifutike wino. Zipige picha sasa.